Leseni ya Kuendesha Kompyuta

Kozi ninayosaidia kufundisha ina mada saba: dhana za msingi za kompyuta, matumizi ya kompyuta na utunzaji wa mafaili, uandishi wa nyaraka, lahajedwali, hifadhidata, mawasilisho, na mwisho intaneti na barua pepe. Kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza lazima aisome, awe anachukua sheria, uuguzi au fasihi. Mimi nasomea uzamili wa historia. Maabara nilipewa kwa sababu wenye kozi walipungukiwa na watu. Jumanne na Alhamisi mchana nazunguka kati ya meza, feni zikipiga kelele juu, najibu maswali. Katika kuzunguka huko ndipo swali la mtu wa historia liliponishika. Kwa nini saba? Kwa nini hizi, tena kwa mpangilio huu? Nani alikaa mahali akaamua kwamba huu ndio msingi?

Nusu ya jibu si ngumu kuipata. Mwaka 1988 nchini Ufini ilianzishwa leseni ya kompyuta, na jina hilo lilichaguliwa makusudi ili kila mtu akumbuke leseni ya udereva. Katikati ya miaka ya 1990 vyama vya wataalamu wa kompyuta vya Ulaya vikalichukua wazo hilo na kulieneza kwa jina la ECDL. Lilipovuka mipaka ya Ulaya likaitwa ICDL. Mtahiniwa alipita moduli saba. Ukiziweka moduli hizo kando ya mada zetu saba, ni kama kumwona mtoto na baba yake kwenye picha moja.

Sina ugomvi na leseni. Dereva wa daladala hahitaji kujua jinsi injini inavyofuliwa kiwandani ili atufikishe Mbagala salama. Leseni inamwambia mwajiri jambo moja tu, kwamba huyu ukimkalisha mbele ya mashine hataiharibu na kazi itakwenda. Kwa karani wa Helsinki aliyeletewa kompyuta ofisini mwaka 1988, hilo lilitosha. Ninachouliza ni namna mtihani wa karani ulivyogeuka kuwa mlango wa kuingilia chuo kikuu, kwa sababu kufundisha kompyuta kwa wanafunzi wote wa mwaka wa kwanza hakukuanza na leseni. Kulianza mapema zaidi, na kulianza na kitu kingine kabisa.

Ni katika chuo cha Dartmouth, mji mdogo wa Hanover, jimbo la New Hampshire, kaskazini mashariki mwa Marekani. Walimu wawili wa hisabati, John Kemeny na Thomas Kurtz, walikuwa na tatizo. Kemeny alizaliwa Budapest, akafika Marekani akiwa kijana, akafanya kazi kwenye mradi wa bomu la atomiki, kisha akawa msaidizi wa Einstein katika hisabati. Kurtz alikuwa mtu wa takwimu. Mwishoni mwa miaka ya 1950 chuo chao hakikuwa na kompyuta ya kutosha kazi zao, kwa hiyo Kurtz alikuwa akipanda treni hadi karibu na Boston, kwenye chuo cha MIT, na sanduku la kadi zilizotobolewa matundu. Kila kadi ilikuwa mstari mmoja wa programu. Unakabidhi kadi, unasubiri, na ukiwa umekosea alama moja unarudi Hanover na karatasi inayokuambia umekosea. Wiki mbili baadaye unapanda treni tena.

Mwalimu anaweza kuvumilia hayo. Mwanafunzi wa miaka 18 anayesoma historia hawezi, na wala hakuna atakayemkatia tiketi ya treni. Hapo ndipo wale wawili walipowaza jambo ambalo wakati huo lilikuwa kichekesho: kila mwanafunzi, na si wa sayansi peke yake, aitumie kompyuta mwenyewe. Wanafunzi wengi wa Dartmouth hawakuwa wa sayansi wala uhandisi. Kemeny alisema hao ndio watakaokuja kukaa kwenye viti vya uamuzi, serikalini na kwenye makampuni, wakiamua juu ya mashine ambazo hawajawahi kuzigusa.

Walihitaji vitu viwili. Cha kwanza ni mfumo wa kugawana muda, kompyuta moja ihudumie watu wengi kwa zamu fupi mno kiasi kwamba kila mmoja aone kama yuko nayo peke yake. Cha pili ni lugha rahisi ya kuiamuru. Lugha hiyo wakaiita BASIC. Ilianza na amri chache, hazikufika hata 20, na nyingi zilikuwa maneno ya kawaida ya Kiingereza: chapisha, acha iwe, kama hivi basi vile, nenda mstari fulani, mwisho. Alfajiri ya tarehe 1 Mei 1964, kama saa kumi usiku kwa saa zetu, programu mbili zilitumwa kutoka mashine mbili tofauti na zote mbili zikajibiwa. Sehemu kubwa ya kazi ya kuandika mfumo wenyewe ilifanywa na wanafunzi wa shahada ya kwanza. Sentensi hiyo huwa naisoma mara mbili kila ninapoikuta.

Baada ya hapo kompyuta iliingizwa kwenye hisabati ya mwaka wa kwanza. Mihadhara ilikuwa michache tu. Yaliyobaki mwanafunzi alijifunza kwa kukaa mbele ya mashine ya kuchapa iliyounganishwa kwa waya, akiandika, akikosea, akisahihisha. Kemeny alipenda kuifananisha na maktaba yenye rafu wazi: huombi ruhusa, huandiki sababu, unaingia na kuchukua kitabu. Mwanafunzi hakutozwa. Wengine walitumia muda huo kutengeneza michezo ya mpira wa kimarekani, na chuo hakikuona kama ni upotevu.

(Nisiipambe sana. Neno "kila mwanafunzi" lilimaanisha kila mwanamume, maana Dartmouth haikuchukua wanawake kwa shahada ya kwanza hadi 1972, Kemeny mwenyewe akiwa rais wa chuo. Mimi na nusu ya darasa langu tusingepita getini.)

Kwa hiyo mwaka 1964 msingi ulikuwa kuiamuru mashine. Kilichobadilisha maana hiyo ni mafanikio. Mwaka 1979 Dan Bricklin, aliyekuwa akisoma biashara Harvard, na mwenzake Bob Frankston walitoa VisiCalc, lahajedwali ya kwanza kwa kompyuta ndogo. Uandishi wa nyaraka nao ukawa programu ya kununua dukani, na mwaka 1987 ikaja PowerPoint. Hakuna aliyehitaji tena kujitengenezea programu, kwa kuwa zilikuja kwenye boksi na kitabu cha maelekezo. Kujua kompyuta kukawa kujua menyu iko wapi. Leseni ya Ufini ilizaliwa katika hewa hiyo, na haishangazi kwamba ilirithi umbo la ofisi: meza, faili, folda, memo, mkutano wa saa tatu asubuhi.

Sasa turudi nyumbani, maana huku mambo yalikwenda kwa mwendo wake. Kompyuta ya kwanza Tanzania iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, mashine aina ya ICT 1500 kutoka kampuni ya Uingereza. Yaani mwaka mmoja tu baada ya ile alfajiri ya Hanover. Huwa nawaambia wanafunzi wangu tarehe hizo mbili kwa mfululizo, kwa sababu wengi wanaamini kompyuta zilifika hapa juzi, na meli ya makontena ya mitumba. Hazikufika juzi. Zilifika, kisha zikafungiwa mlango.

Mfumo wa hesabu za serikali ulipohamishiwa kwenye kompyuta mambo yalivurugika, fedha zikapotea katika kulipa wataalamu wa nje na kurekebisha makosa, na kazi ikarudi kwenye vitabu na kalamu. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta na televisheni nchini. Aliyetaka kompyuta ilibidi aombe kibali maalumu na aeleze haja yake. Ukisoma habari hii leo mtandaoni huwa inasimuliwa kama mzaha: nchi iliyoogopa kompyuta. Mimi siicheki. Mwaka mmoja kabla bei ya mafuta ilikuwa imepaa duniani, ukame ulikuwa umekausha mashamba, fedha za kigeni zilihitajika kununua chakula. Waziri aliyekuwa ameona mashine ya bei kubwa ikivuruga hesabu badala ya kuzinyoosha alikuwa na sababu ya kukunja uso. Kwa kipimo cha mwaka 1974, ningesaini.

Gharama yake haikuonekana kwenye kitabu chochote cha hesabu. Wakati marufuku inaanza, Dartmouth ilikuwa na miaka kumi ya wanafunzi waliokosea na kusahihisha bila kutozwa. Hapa, katika miaka hiyo na iliyofuata, kompyuta ilibaki kuwa kitu cha kuombea kibali. Na kitu cha kibali hakichezewi. Marufuku ilianza kulegezwa miaka ya 1980 (televisheni ya Bara ilisubiri hadi 1994), lakini tabia iliyojengwa haikuondoka na tangazo. Nimeingia kwenye maabara zenye mazulia, viatu vinaachwa mlangoni, na kitambaa cha kufuma kimefunika kila mashine kama redio ya babu.

Mlango ulipofunguliwa, kilichoingia ni kompyuta ya boksi. Kipindi ambacho kuiamuru mashine kulikuwa ndiyo msingi kilikuwa kimetupita tukiwa nje. Waliotangulia kuzishika maofisini walikuwa makatibu muhtasi, wengi wao wanawake waliosomea uhazili, na kama unajua sifa ya Chuo cha Uhazili Tabora unajua hao hawakuwa watu wa kubahatisha. Walikuwa wakipiga chapa kwa vidole kumi bila kutazama. Kibodi waliyoikuta kwenye kompyuta ilikuwa ileile ya taipureta, mpangilio wa herufi uliouzwa na Remington tangu miaka ya 1870. Kwao kompyuta ilikuwa taipureta iliyokubali kufuta. Nadhani hakuna kundi lililovuka mto huo kwa urahisi kuliko wao, na katika simulizi zetu za TEHAMA huwa hawatajwi kabisa.

Baada yao vikaja vyuo vya mitaani. Kila mji una kibao chake, rangi ya bluu au nyekundu, kimeorodhesha Windows, Word, Excel, Access, PowerPoint, intaneti, cheti kwa miezi mitatu. Isome orodha hiyo polepole, halafu rudi juu kwenye mada saba. Mimi mwenyewe nilipita huko baada ya kidato cha sita, nikisubiri matokeo, kama nusu ya watu ninaowajua. Mwalimu alisema bonyeza hapa, tukabonyeza hapo.

Lazima niseme kwamba kulikuwa na watu waliojaribu njia nyingine. Mwishoni mwa 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na watu wa Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili, bila malipo, na msimbo wake ukiwa wazi kwa anayetaka kuuchungulia. Microsoft nao hawakukaa mbali na Kiswahili. Leo maneno hifadhi, nakili, bandika na futa hayamshangazi mtu, kwa sababu simu zinayatumia. Ila maabara yetu iko kwa Kiingereza, mashine zote, na sijawahi kusikia mwanafunzi akilalamika. Anayelalamika huonekana hajui Kiingereza, na hilo ni kosa kubwa zaidi ya kutojua kompyuta.

Halafu simu ikaja ikavuruga foleni yote. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na kwetu mwaka uliofuata. Julai 2009 nyaya za SEACOM zikatia nanga pwani yetu na intaneti ikaacha kuwa kitu cha satelaiti na bei ya kutisha. Wanafunzi ninaowafundisha sasa walikuwa watoto wachanga au hawajazaliwa. Wanaingia mwaka wa kwanza wakiwa wameshatuma pesa, wameshauza nguo za mtumba kwa picha za WhatsApp, wameshahariri video yenye sauti na maandishi, yote kwa kidole gumba. Kisha tunawakalisha mbele ya skrini yenye picha ya folda ya karatasi, wao ambao hawajawahi kufungua kabati la mafaili maishani mwao, na wakishindwa kuipata kazi waliyoihifadhi tunaandika kwenye ripoti kwamba hawana stadi za msingi.

Kuna mambo yanayojirudia kila Oktoba. Mwanafunzi anabonyeza Caps Lock, anaandika herufi moja kubwa, anaizima, anaendelea. Mwingine anaigusa skrini, anasubiri, anaigusa tena kwa nguvu. Mwingine anahifadhi kazi, halafu ananiuliza, "Dada, sasa imeenda wapi?" Ni swali zuri kuliko linavyosikika. Kwenye simu kitu hakiendi mahali. Kinakaa ndani ya programu iliyokitengeneza. Wazo kwamba faili lina makazi, na makazi hayo yamo ndani ya makazi mengine, ni wazo la watu wenye makabati. Huwa nalieleza kwa anwani: nyumba namba fulani, mtaa, kata, wilaya, mkoa. Hapo wanaelewa kwa dakika tano.

Mwaka jana kwenye kundi la Alhamisi kulikuwa na msichana wa ualimu, mtokaji wa Mbeya, ambaye alikaa kimya wiki sita. Wiki ya lahajedwali alinisubiri wenzake watoke. Mama yake ni mweka hazina wa kikoba. Wanachama wanaweka hisa kila Jumamosi, kila hisa inagongewa muhuri kwenye daftari la mwanachama, wanakopeshana, riba asilimia 10, marejesho ya miezi mitatu. Mikopo ilikuwa imeongezeka na mama alikuwa akikesha na kikokotoo. Mwezi uliotangulia hesabu ilipishana na sanduku, na wanachama wawili walianza kunong'ona. Binti alitaka kujua kama kompyuta inaweza kumwondolea mama yake minong'ono hiyo.

Tukaanza na mkopo mmoja wa shilingi 300,000. Riba 30,000, jumla 330,000, marejesho 110,000 kila mwezi. Kanuni ya kwanza niliandika mimi. Ya pili aliandika yeye. Kisha akauliza kuhusu anayechelewa: kikundi kinamtoza faini ya 2,000. Nikamwonyesha kwamba lahajedwali inaelewa neno "kama". Kama tarehe ya kulipa imepita ile iliyopangwa, weka 2,000. Kama sivyo, weka sifuri. Alikosea mabano mara nne. Mara ya tano safu nzima ikajaa yenyewe, naye akacheka kwa sauti, kisha akabadilisha tarehe moja ili aone kama faini itatokea. Ikatokea. Akairudisha. Ikatoweka.

Hilo "kama" ni lilelile lililokuwa kwenye BASIC ya mwaka 1964. Kwa dakika arobaini, kwenye maabara ya zulia, msichana yule alikuwa Hanover: anaiamuru mashine, inakosea kwa sababu yeye amekosea, anasahihisha, hakuna anayemtoza. Na alifika hapo kupitia programu ya boksi, mada ya nne kati ya saba. Kwa hiyo sisemi tuzitupe mada hizo. Lahajedwali ndiyo sehemu ya ofisi ambamo BASIC ilijificha, na nikipewa uhuru wa kupanga muhula ningeipa wiki sita, niibane PowerPoint iwe ya siku moja, na simu ziruhusiwe mezani badala ya kuzimwa mlangoni.

Sikupewa uhuru huo. Mtihani wa mwisho uliuliza, kati ya mengine, kutaja faida tano za lahajedwali na kueleza tofauti ya ROM na RAM. Maabara ilikuwa na alama chache. Yule msichana alipata C. Kwenye lahajedwali alitaja faida mbili, zote kuhusu kikoba, na msahihishaji (si mimi) aliandika pembeni kwa wino mwekundu kwamba majibu yatoke kwenye noti. Niliandika kwa idara ukurasa mmoja na nusu kuhusu mtihani huo. Nimejibiwa kwamba mtaala unapitiwa kwa mzunguko wake na maoni yamepokelewa.

Muhula huu alirudi maabara siku moja, ingawa kozi ameshaimaliza. Alitaka kujua jinsi ya kulifunga faili ili wanakikundi waweze kulisoma kwenye simu zao bila kubadilisha namba. Tukalifunga. Nikamuuliza mama anasemaje. Akasema mama ameikubali kompyuta kwa sharti moja: daftari la mihuri liendelee kujazwa, na kila Jumamosi daftari na simu visomwe kwa sauti mbele ya watu wote. Vikipishana, kinachoaminiwa ni daftari.